Tahadhari Ilitangazwa, Ilimfikia Nani?

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, sahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wake hadi Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu wasomaji, Ijumaa ya leo tumeona tuzungumzie jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka laweza kuonekana liko mbali na ukurasa huu, nalo ni elimu anayoitafuta binti mmoja wa Kiislamu. Jina lake hatulitaji kwa kuwa mwenyewe hakupenda litajwe, na msikiti uliohusika nao hatuutaji kwa kuwa si shabaha yetu kumuaibisha mtu. Binti huyu yuko mwaka wa tatu wa masomo ya shahada ya uzamivu. Anachotafiti ni namna habari zinavyopelekwa kwa watu wakati wa maafa, na kwa nini habari ile ile, iliyotangazwa siku moja na kwa maneno yale yale, humuokoa mmoja na kumuacha mwingine aliye fukara, au mjane, au kiziwi, au asiyeijua lugha iliyotumika.

Katika utafiti wake alifika kijiji kimoja cha pwani ya kusini mwa Tanzania kuuliza habari za kimbunga Hidaya, kile kilichoipiga pwani yetu mwanzoni mwa Mei 2024, kikakatisha safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar na kufuatiwa na mafuriko yaliyokata barabara ya Lindi pale Somanga. Kamati ya msikiti ilimpokea kwa heshima, ikampa kiti na maji ya kunywa. Lakini alipoomba azungumze na akina mama wa mtaa wa ufukweni, wachuuzi wa samaki na wakulima wa mwani, akaambiwa kwamba hakuna haja. "Mwanangu," mzee mmoja alimwambia, "kipaza sauti hiki kilitangaza mara tatu baada ya swala. Nani asiyesikia?" Binti akajibu kwa adabu, "Mzee wangu, hilo ndilo swali lililonileta." Akaondoka bila ya kupata alichokifuata. Na nyumbani kwao nako hakuna nafuu, kwani mjomba wake humuuliza kila Idi ni lini ataacha "kusomea matangazo" ashike jambo la maana.

Tunapenda kusema wazi, pamoja na heshima tuliyonayo kwa wazee wetu, kwamba mzee yule alikosea na mjomba naye amekosea. Tena wamekosea katika jambo ambalo dini yetu imelitilia mkazo tangu siku zake za mwanzo.

Tukianza na Kitabu cha Mwenyezi Mungu, katika Suratun Nisaa (4:83) Allah (S.W.) anawalaumu watu ambao likiwafikia jambo lolote, la amani au la khofu, hulitangaza papo hapo, na anabainisha kuwa lau wangelirejesha kwa Mtume na kwa wenye mamlaka miongoni mwao, wale wenye uwezo wa kulichunguza wangelijua ukweli wake. Aya hii wengi tumezoea kuitumia kukemea uvumi, na ni haki, hasa zama hizi ambapo mtu hupokea ujumbe katika simu na kuusambaza kwa watu mia kabla hajaumaliza kuusoma. Lakini tuitazame tena. Aya inazungumzia watu maalumu ambao kazi yao ni kuipokea habari ya khofu, kuipembua na kuifikisha inavyotakiwa. Umma usio na watu wa namna hiyo una upungufu, na wanavyuoni wametufundisha kwamba elimu ambayo umma unaihitaji ni fardhi kifaya: wakiifanya baadhi, wengine wamesalimika, wakiiacha wote, wote wana dhambi. Tunamhesabu tabibu na mhandisi katika fungu hilo bila ya wasiwasi. Vipi tumtoe humo anayechunguza ni kwa nini onyo la mafuriko halikumfikia mama mwenye watoto wanne bondeni?

Katika mapokezi sahihi imekuja kwamba usiku mmoja watu wa Madina walisikia sauti ikawashitua, wakatoka kuelekea ilikotokea. Wakakutana na Mtume (S.A.W.) akiwa tayari anarudi, amepanda farasi wa Abu Talha asiye na tandiko, upanga ukining'inia shingoni mwake, huku akiwatuliza kwamba hapana la kuogopwa. Hapo pana mafunzo makubwa. Kiongozi alikwenda mwenyewe mahali pa tukio. Alithibitisha kwa macho yake. Kisha alirudi kwa watu kwa haraka na kwa maneno machache, wakajua la kufanya, nalo lilikuwa ni kurudi kulala.

Halikadhalika siku aliyoamrishwa kuwaonya jamaa zake wa karibu, alipanda kilima cha Safa akaita kwa ukelele ambao kila Mwarabu aliujua kuwa ni wa hatari, kisha akazitaja koo za Kikureshi, ukoo mmoja baada ya mwingine, na asiyeweza kwenda alimtuma mtu akaangalie kuna nini. Hakutosheka na kusema "enyi watu" tu. Kabla ya kuwapa ujumbe wenyewe aliwauliza kwanza kama wangemuamini lau angewaambia kuna jeshi nyuma ya bonde. Walipokiri kwamba hawakupata kumuona akisema uongo, ndipo alipoonya. Leo wataalamu huandika vitabu juu ya kuaminiwa kwa mtoa tahadhari. Sisi tunalo somo hilo katika sira, na tunalisoma kila mwaka kwenye Maulidi huku tukipita tu.

Lakini aya inayogusa moja kwa moja kazi ya binti yetu ni zile za mwanzo wa Surat Abasa (80:1-10). Mtume (S.A.W.) alikuwa akizungumza na wakubwa wa Kikureshi, akitaraji kwamba wakisilimu wao watasilimu wengi. Akaja Abdullahi bin Ummi Maktum (R.A.), kipofu, si tajiri wala mwenye cheo, akataka afundishwe. Mtume akakunja uso akageuka. Mwenyezi Mungu akateremsha lawama ambayo tunaisoma mpaka leo. Kosa halikuwa la ubaya wa nia. Hesabu yenyewe ilikuwa ya busara kwa akili za kibinadamu: ukimpata mkubwa, habari itashuka yenyewe kwa wadogo. Na Mwenyezi Mungu akaikataa hesabu hiyo.

Hebu tujiulize, si ndiyo hesabu tunayoitumia sisi kila yanapotokea maafa? Tunamuarifu diwani, mwenyekiti wa mtaa, imamu na matajiri wenye magari, kisha tunasema wananchi wamearifiwa. Na ni vyema kukumbuka yaliyofuata baadaye kwa bwana huyu kipofu. Huko Madina alifanywa muadhini. Katika Ramadhani Bilal (R.A.) aliadhini kungali usiku, na watu waliendelea kula daku mpaka asikike Ibn Ummi Maktum, naye, kwa kuwa haoni, hakuadhini mpaka watu wamwambie kwamba kumekucha. Aliyekuwa wa mwisho kusikilizwa ndiye aliyekabidhiwa kuwatangazia watu wa mji mzima, na wenye macho wakafanywa wasaidizi wake.

Sasa tuyatazame yaliyotokea katika nchi za ndugu zetu. Bangladesh ni nchi ya Waislamu, tambarare, yenye watu wengi sana wanaoishi mdomoni mwa bahari. Mwezi Novemba 1970, ikiwa bado ni Pakistan ya Mashariki, kimbunga kiliua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 300,000 na 500,000. Aprili 1991 kikaja kingine, kikaua takribani 138,000. Watafiti walipokwenda kuhesabu waliokufa, waligundua jambo la kuhuzunisha: kwa kila wanawake 1,000 wa umri wa miaka 20 hadi 44 walikufa 71, hali wanaume wa umri huo walikufa 15.

Kwa nini? Bahari haichagui. Tahadhari zilitolewa, lakini zilipita kwa wanaume sokoni na katika vijiwe vyao, na nyumbani zikafika kwa kuchelewa au hazikufika. Baadhi ya wanawake walibaki wakimsubiri mume arudi aseme twende. Wengine waliogopa kwenda kwenye majengo ya hifadhi kwa kuwa hayakuwa na sehemu ya faragha ya wanawake, wakaona bora wabaki na stara zao. Wengi walikuwa wamebeba watoto. Hawa ni dada zetu katika imani, na sababu nyingine kati ya hizo tunazifahamu vizuri majumbani mwetu, hatuwezi kujifanya ni mambo ya Bara Hindi.

Watu wa Bangladesh hawakuishia kulia. Walikuwa na mpango wa kujiandaa na vimbunga ulioanza mwaka 1972, wakaupanua. Watu wa kujitolea wakafundishwa kupita nyumba kwa nyumba na vipaza sauti vya mkononi, misikiti ikatumika kutangaza, majengo ya hifadhi yakaongezwa na kutengwa sehemu za wanawake. Leo watu hao wa kujitolea wanazidi 70,000 na nusu yao ni wanawake, wanaoweza kuingia uani kwa mwanamke mwenzao na kumwambia: dada, beba watoto, tunaondoka. Mei 2020 kilipokuja kimbunga Amphan, katikati ya maradhi ya korona, zaidi ya watu milioni 2 walihamishwa, na waliokufa nchini humo walihesabika kwa makumi. Ufukara haukuwa umeondoka Bangladesh. Kilichobadilika zaidi ni ile njia ya habari kumfikia mnyonge na kumkuta ana pa kwenda.

Mfano wa pili unatoka kisiwa cha Simeulue, Aceh, Indonesia, nao una utamu wake. Mwaka 1907 kisiwa hicho kilipigwa na mawimbi makubwa ya tetemeko la chini ya bahari. Walionusurika wakaliita jambo hilo "smong", na wazee wakawahadithia wajukuu: ardhi ikitikisika sana na bahari ikarudi nyuma, usiende kuokota samaki, kimbilia mlimani. Ikapita karibu miaka 100. Asubuhi ya Desemba 26, 2004 ardhi ikatikisika, na kisiwa hicho kilikuwa jirani kabisa na kitovu cha tetemeko. Watu wakapiga kelele za "smong" wakapanda mlimani. Katika watu wapatao 78,000 walikufa 7. Ng'ambo yao, Aceh bara, penye mji mkubwa na ofisi za serikali, walikufa zaidi ya 160,000. Mabibi wasiojua kusoma, kwa hadithi za usiku, waliokoa watu ambao mitambo haikuwaokoa.

Mawimbi hayo hayo yalitufikia hata sisi baada ya muda wa takribani saa saba. Huko Kenya, wenye mamlaka waliona habari za Asia, wakawaondoa watu fukweni, na aliyeripotiwa kufa ni mtu mmoja. Tanzania walikufa watu wasiopungua 10. Somalia, hasa katika rasi ya Hafun, walikufa watu wanaokaribia 300, wengi wao wavuvi na familia zao. Saa saba, ndugu wasomaji! Ni muda wa kutosha mtu kutoka Tanga hadi Dar es Salaam kwa basi na kupumzika. Habari ilikwishazunguka dunia nzima katika televisheni, lakini Hafun hapakuwa na serikali ya kumtuma mtu pwani. Mvuvi yule hakufa kwa kukosekana habari duniani. Habari ilikuwapo, ila hakuwamo katika orodha ya wanaopaswa kupelekewa.

Wala wenye mali nyingi wasidhani wamesalimika. Agosti 2005, kimbunga Katrina kilipouelekea mji wa New Orleans nchini Marekani, meya alitoa amri ya lazima kwamba watu wahame, siku moja kabla ya dhoruba kufika. Amri ilisikika vizuri. Lakini takribani robo ya kaya za mji huo hazikuwa na gari, na wengi wao walikuwa Wamarekani weusi maskini. Kumwambia asiye na gari "ondoka" bila ya kumletea basi ni kusema naye lugha asiyoijua. Hapa kwetu tuliliona hilo Ijumaa ya Machi 27, 2020, siku ya kwanza ya amri ya kutotoka nje usiku nchini Kenya. Amri ilisema saa 1:00 jioni kila mtu awe ndani. Mwenye gari lake mjini Mombasa alikwishafika nyumbani. Vibarua waliojazana kivuko cha Likoni, ambao hawakuwa na njia nyingine ya kuvuka, walikutana na mabomu ya machozi na virungu, na mchana ule ule walikuwa wameambiwa wasisongamane.

Tumeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu tunajua hoja itakayokuja: kwamba maafa ni kadari ya Mwenyezi Mungu na hakuna utafiti unaoizuia. Ni kweli, hakuna linalotokea ila kwa idhini Yake. Lakini katika Suratun Naml (27:18) tumesimuliwa kisa cha mdudu chungu aliyeona jeshi la Nabii Suleiman (A.S.) linakuja. Hakukaa akasema ni kadari. Aliwaita wenzake, akawaambia wafanye nini, waingie wapi na kwa sababu gani, wasije wakapondwa na watu wasiotambua. Katika maneno yale machache mna mwenye kuitwa, kitendo, mahali na sababu. Tunathubutu kusema matangazo mengi ya tahadhari yanayosomwa redioni kwetu hayatimizi manne hayo. Huambiwa kuna upepo wa kilomita kadhaa kwa saa na mawimbi yanayozidi mita mbili, na kwamba watumiaji wa bahari wachukue tahadhari. Mvuvi mwenye dau asiye na kipimo chochote cha upepo zaidi ya shavu lake achukue tahadhari ipi? Asitoke kabisa, au asivuke mwamba? Na asipotoka, watoto wale nini usiku huo? Sisi wa magazeti nasi hatujatakasika. Mara ngapi tumechapa taarifa hizo kama zilivyokuja, bila ya kumuuliza mvuvi mmoja kama amezielewa?

Ndiyo maana tunarejea kwa kamati zetu za misikiti. Kipaza sauti cha msikiti ni neema, na ni miongoni mwa vyombo vichache mtaani ambavyo bado watu wanaviamini. Imepokewa kuwa Ibn Abbas (R.A.), siku ya Ijumaa yenye mvua na matope, alimuamuru muadhini abadilishe wito awaambie watu waswali majumbani, na watu walipostaajabu akawaeleza kwamba alifanya hivyo aliye bora kuliko yeye, akimkusudia Mtume (S.A.W.). Basi tusione haya kukitumia kipaza sauti hicho kwa kuwaepusha watu na madhara. Lakini tukumbuke kwamba kikisema baada ya swala ya Isha, husikiwa zaidi na waliokuja kuswali. Kiziwi hakisikii. Mama aliye ng'ambo ya mto hakisikii. Mhamiaji kutoka Msumbiji anayezungumza Kimakua huenda akasikia sauti asipate maana. Mjane asiye na wa kumbebea mzigo atasikia na kuelewa, na atabaki pale pale.

Kamati inayotaka kufanya kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji daftari la mtaa lenye majina ya wasiojiweza, na vijana wawili watatu wa kila sehemu waliopewa jukumu la kuwagongea mlango, wa kike kwa wake na wa kiume kwa waume. Daftari la namna hii tayari tunalo katika misikiti mingi, lile la kugawia zakatul fitri. Tunajua vizuri sana ni nani maskini wetu inapofika mwisho wa Ramadhani; hatuna sababu ya kuwasahau yanapokuja mafuriko ya masika.

Kwa wazazi nao tuna neno. Mtoto akifaulu tunataka awe daktari, na Mwenyezi Mungu azidi kutujaalia madaktari. Lakini tusimvunje moyo anayechagua njia isiyo na jina la kujivunia harusini. Miaka minne ya uzamivu ni mirefu, na aghalabu mwanafunzi huisoma akiwa peke yake, posho ikichelewa, na ndugu wakimuuliza mwisho wake nini. Binti tunayemzungumzia ametuambia kwamba mwaka jana alikaribia kuacha. Sababu haikuwa ugumu wa masomo. Ilikuwa ni kuchoka kujieleza kwao kila anaporudi likizo. Mjomba wake, ambaye ni mtu mwema na ndiye aliyemlipia ada tangu madrasa, tunamuomba kwa hisani yake amuulize kitu kingine Idi ijayo. Amuulize amekutana na nani, na wamemwambia nini.

Binti anakusudia kurudi katika kijiji kile masika yatakapokwisha. Kwa ridhaa yake tumeiandikia kamati ya msikiti ule barua, tukiwaomba wazee wetu wampe ruhusa ya kuketi na akina mama wa mtaa wa ufukweni, na ikiwa wanaona uzito, basi mmoja wa wake zao awe pamoja naye. Barua imekwishafika. Jibu bado hatujalipata, na likija tutawaarifu kupitia ukurasa huu, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.